Je, Wajua? Kichwa Kinauma, Kumbe ni Mlima!

Je, wajua kwamba ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanzia kwenye mita 2,500 kwenda juu? Vijiji vingi vya Masisi viko chini ya hapo. Kwa hiyo, mgeni wetu, ukihema kwenye vilima vya Masisi usisingizie ugonjwa: ni miguu tu haijazoea!

Chukua chupa tupu ya plastiki, ikaze kifuniko juu kwenye milima ya Masisi, mita 2,000, kisha shuka nayo hadi Walikale, chini ya mita 1,000. Utaikuta imebonyea, na hakuna aliyeigusa! Hewa ya bondeni ni nzito, ndiyo iliyoiminya.

Na maharagi je? Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwa digrii 93 hivi, si 100. Yakikawia kuiva, usimnunie mama jikoni.

Sasa sikia hili. Hewa ya kileleni Nyiragongo, mita 3,470, ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Mombasa! Ila imepungua uzito, hata pumzi moja hubeba karibu theluthi mbili tu ya oksijeni ya pwani. Njia ya Kibati humpandisha mtu kama mita 1,500 kwa siku moja, halafu alale huko juu. Kichwa kikianza kugonga usiku, unashangaa nini?

Usitegemee misuli. Kijana mcheza mpira anaweza kutapika huku mzee aliyepanda polepole akinywa chai yake.

Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto lililoitwa Zénith, wakapita mita 8,000. Wote walizimia, alirudi hai mmoja tu!

Wajua pia kwamba kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani mwa Kivu Kaskazini na Uganda? Kilipandwa mara ya kwanza mwaka 1906. Theluji yetu wenyewe, karibu kabisa na Ikweta!

Ukivuka mita 3,000, kila usiku lala si zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi, mteremshe saa ileile. Usingoje kuche.