Kazi na Moyo wa Kuifanya



Alfajiri, pale Miritini, kando ya barabara ya Nairobi, watu huwa wamekwisha kutoka majumbani mwao. Yuko kibarua asimamaye langoni akingoja kuitwa, yuko utingo wa lori, yuko mlinzi anayerudi kutoka zamu ya usiku, na mama anayekaanga mahamri. Tukiwauliza kwa nini wanafanya kazi, wengi watajibu kwamba watoto wanataka kula. Ni jibu la haki. Lakini mtu akiishi hivyo miaka mingi bila furaha yo yote, moyo huingia ganzi. Je, ari ya kazi hutoka wapi?

Wengi wetu hudhani kwamba itakuja siku tutakapopata kazi nyingine. Tufungue Waraka kwa Wakolosai, sura ya 3, aya ya 22 na ya 23. Hapo Mtume Paulo anawahimiza watu wafanye kazi kwa moyo, kama wanaomtumikia Bwana mwenyewe. Nao aliowaambia ni watumwa, watu wasiochagua kazi wala mwajiri. Basi ari haianzi katika aina ya kazi. Huanza kwa kumjua yule tunayemtumikia.

Mfano tunao karibu. Tukipanda barabara hiyo mpaka Mazeras, kisha tukakata mkono wa kulia, twafika Rabai. Huko Johannes Rebmann na mwenzake Ludwig Krapf walianza kazi ya misheni mwaka 1846. Mwaka 1848 Rebmann aliiona theluji juu ya Kilimanjaro, na wataalamu waliokaa Ulaya wakamkatalia. Mwaka 1853 Krapf alirudi kwao kwa ajili ya ugonjwa, Rebmann akabaki. Walioamini walikuwa wachache sana. Hata hivyo aliketi na Salimini, mtumwa aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa, akiandika neno baada ya neno la lugha yake. Aliondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, akiwa kipofu. Alifariki mwaka 1876, na kamusi ile ikachapwa mwaka 1877. Hakuishi kuishika mkononi.

Wapendwa, moto wa makuti huwaka kwa kishindo na kuzimika mara. Makaa hayana kishindo, lakini ndiyo yaivishayo chakula. Ari ya Rebmann ilikuwa ya makaa. Haikutegemea sifa, kwa kuwa sifa hazikuja upesi.

Tusidhani, lakini, kwamba kila aliyepoa moyo ni mvivu. Eliya alipochoka hata akataka kufa, katika 1 Wafalme 19, Mungu hakumkemea kwanza. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Pengine ndugu yetu anahitaji usingizi na siku ya kupumzika kabla ya kuhubiriwa.

Wala neno hili lisiwe kisingizio cha kumpunja mfanyakazi mshahara wake. Paulo huyo huyo, katika sura ya 4, aya ya 1, anawaagiza mabwana watende haki, kwa sababu wao pia wanaye Bwana mbinguni.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kushika chombo cha kazi, tumkabidhi Mungu siku hiyo. Tuchague jambo moja dogo, tulifanye vizuri kuliko jana, hata kama hakuna atakayeliona. Tena tumkumbuke mtu mmoja atakayefaidika na jasho letu: abiria atakayefika salama, au mtoto atakayeshiba. Hapo kazi ile ile itaanza kuwa na maana mpya.

Tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi ya useremala Nazareti, uwatie nguvu waliochoka, uwape kazi wanaoitafuta, na uwashe tena makaa yaliyomo mioyoni mwetu. Amina.