Jina, Amri au Muhuri? Ufasiri wa Alama za Bunduki

Miongoni mwa wakusanyaji wa silaha za kale upo mzaha wa siku nyingi juu ya mtengenezaji wa bastola aitwaye Gesichert. Mtu hununua bastola ya Luger, ile iliyopokewa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908, akaona neno GESICHERT karibu na wenzo wa usalama, akaandika daftarini kwamba hiyo ndiyo kampuni iliyoiunda. Mwenzake, aliyeona neno GELADEN juu ya bastola iyo hiyo, humbishia kwamba kampuni ni Geladen. Kumbe hakuna kampuni hata moja. Neno la kwanza maana yake ni "imefungwa kwa usalama", nalo huonekana wenzo unapowekwa katika hali hiyo. La pili maana yake ni "ina risasi", nalo huonekana risasi inapokuwa ndani ya chemba. Watu wawili wanabishania jina, na huku bastola yenyewe inawaonya waishike kwa uangalifu.

Kisa hiki kinachekesha, lakini kwa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kina uzito wake. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayohusu udhibiti wa silaha ndogo ndogo na nyepesi katika nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inataka silaha ipigwe alama zinazoonyesha mtengenezaji wake, nchi au mahali ilipotengenezwa, na namba yake ya pekee. Karani akiandika amri mahali pa jina la kiwanda, asili ya silaha hiyo haitafuatilika, kwani hakuna kiwanda cha kuulizwa. Makala haya yanakusudia kueleza alama hizo ni za namna gani, makosa yanazaliwa wapi, na ni istilahi gani za Kiswahili zinazoweza kutusaidia.

1. Alama si zote majina

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila neno lililopigwa juu ya chuma ni jina la aliyekifua. Kwa hakika alama za bunduki zaweza kugawanywa katika mafungu matano.

(a) Alama ya mtengenezaji. Hii ndiyo inayotafutwa na wengi, lakini mara nyingine imefichwa. Katika Vita Kuu ya Pili viwanda vya Ujerumani vilipewa herufi za siri: byf ilikuwa ya kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, na ac ilikuwa ya Walther. Herufi hizi si kifupisho cha jina lolote. Anayejaribu kuzirefusha anajitungia maneno yake mwenyewe.

(b) Alama ya jaribio la uimara. Katika nchi kadhaa za Ulaya, mtutu hujaribiwa kwa baruti yenye nguvu kuliko ile ya kawaida kabla bunduki haijauzwa. Ukistahimili, hupigwa muhuri. Chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipewa hati yake mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Huko Liège, Ubelgiji, muhuri una herufi ELG ndani ya duara la yai, na bunduki nyingi mno zimeorodheshwa kwa kosa kuwa ni "za kampuni ya ELG". Ni sawa na kumwita mtu kwa jina la daktari aliyempima.

(c) Alama ya milki. Herufi SA ndani ya kisanduku, juu ya bunduki aina ya Mosin-Nagant, ni kifupisho cha maneno ya Kifini yenye maana ya "Jeshi la Ufini". Asiyejua huweza kuisafirisha bunduki hiyo mpaka Afrika Kusini bila ya meli. Kadhalika, bunduki za Lee-Enfield zilizotengenezwa Marekani na kampuni ya Savage kwa ajili ya Waingereza zilipigwa maneno U.S. PROPERTY, kwa sababu chini ya sheria ya mwaka 1941 ya kuwakopesha washirika silaha, zilihesabiwa kuwa mali ya Marekani. Wako wanaozisifu kwamba zilibebwa na wanajeshi wa Marekani, ilhali ziliundwa ili zitumiwe na Waingereza.

(d) Alama ya haki ya kisheria. D.R.G.M. na Ges. gesch. si viwanda, bali ni matangazo kwamba umbo au uvumbuzi umelindwa na sheria ya Ujerumani. Hapa ndipo pia penye mkanganyiko wa tarehe. Bastola za Smith & Wesson zilizotengenezwa katika miaka ya 1860 zina tarehe ya 3 Aprili 1855, ambayo ni tarehe ya hataza. Mwenye bastola hujiona ana kitu cha mwaka 1855, akaongeza na bei.

(e) Alama ya matumizi. Hili ni fungu la maagizo na maonyo, kama GESICHERT na GELADEN. Ndilo fungu ambalo kosa lake laweza kumuua mtu.

2. Neno moja, maana mbili

Kati ya mwaka 1875 na 1887, nyumba za majaribio za Uingereza zilipiga maneno NOT FOR BALL juu ya baadhi ya shotigani. Mfasiri mwenye haraka atafikiri juu ya mpira, au hata dansi. Neno la Kiingereza lililotumika hapo lina maana ya risasi moja nzima ya mviringo. Mitutu hiyo imebanwa kidogo mdomoni ili marisau yasitawanyike upesi, na risasi nzima ikipita hapo yaweza kuudhuru mtutu. Kiswahili hakina shida hapa, maana wawindaji wetu wamekwisha kutenga risasi na marisau tangu zamani. Yatosha kusema: "Ni ya marisau, si ya risasi nzima."

Mfano mwingine ni bunduki ya Waingereza ya SMLE, iliyotumiwa pia na King's African Rifles. Jina lake kamili huanza na neno lenye maana ya "fupi", kisha huja neno la magazini. Kwa miaka mingi wakusanyaji wamebishana: kilicho kifupi ni bunduki au ni magazini? Jawabu ni kwamba ni bunduki, kwa sababu ilifupishwa kuliko ile iliyoitangulia. Tukisema "bunduki fupi ya magazini" na "bunduki ya magazini fupi", mpangilio wa maneno peke yake ndio unaobeba tofauti, kwani kivumishi hakibadiliki. Lakini tukitumia "kikasha cha risasi", upatanisho wa kisarufi hutusaidia zaidi: "bunduki fupi ya kikasha" haiwezi kuchanganywa na "bunduki ya kikasha kifupi".

3. Tarakimu zisizotaja kipimo

Bunduki nyingi za aina hiyo zilizouzwa kwa raia zina maandishi 18.5 TONS. Huo si uzito wa bunduki, wala hakuna askari ambaye angeweza kuibeba. Ni shinikizo la baruti, yaani tani 18.5 kwa kila inchi ya mraba.

Namba za shotigani nazo huenda kinyume na mazoea. Namba 12 ina mtutu mpana kuliko namba 20, kwa sababu namba hiyo ni hesabu ya risasi za mviringo za kipenyo cha mtutu zinazotimiza ratili moja. Kadiri risasi zinavyokuwa ndogo, ndivyo idadi yao inavyoongezeka. Lakini .410 haifuati kanuni hiyo, bali hutaja kipenyo kwa sehemu za inchi. Aidha, katika 45-70 tarakimu za pili ni kipimo cha baruti, na katika 30-06 ni mwaka 1906. Mfasiri asitie neno la kipimo mbele ya tarakimu mpaka awe na hakika nalo.

4. Herufi R

Katika bunduki ya L1A1 ya Uingereza, wenzo ukielekezwa kwenye R, kila mvuto wa kifyatuo hutoa risasi moja. Katika CETME ya Hispania na FAMAS ya Ufaransa, R ni mfululizo wa risasi. Herufi ni moja, amri ni mbili zinazopingana. Katika G3 ya Kijerumani, S ni usalama, E ni risasi moja moja, na F ni mfululizo. Katika Sterling ya Uingereza, mfululizo umeandikwa 34, yaani idadi ya risasi zinazojaa katika magazini. Mwalimu atakayewafundisha askari kwamba "R ni risasi moja" bila ya kutaja bunduki, amefundisha nusu ya somo, na nusu iliyobaki ndiyo ya hatari.

5. Mapendekezo

Twapendekeza istilahi hizi tano zitumike kwa upambanuzi: alama ya mtengenezaji, muhuri wa jaribio, alama ya milki, alama ya hataza, na alama ya matumizi. Katika daftari la silaha kila moja ipewe safu yake.

Pili, alama inakiliwe kwanza kama ilivyo, herufi kwa herufi, ndipo ifuate tafsiri. Tafsiri ikikosewa, nakala itabaki kumsaidia atakayekuja baadaye.

Tatu, herufi za siri zisifasiriwe, bali zielezwe. Na nne, alama ya matumizi ifasiriwe kwa sentensi kamili, kwa mfano "Ina risasi ndani", wala si kwa neno moja linaloweza kudhaniwa kuwa ni jina.

Maoni ya wasomaji, hasa walio katika majumba ya makumbusho na ofisi zinazoandikisha silaha, yatasaidia sana kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.