Kutoka 125.00 hadi Adi

Anayenunua dawa ya malaria Bunia, mkoani Ituri, Kongo, hununua pia hesabu asiyoiona. Kidonge cha artemether na lumefantrine anachopewa mara nyingi si cha kampuni iliyoianzisha dawa hiyo, ni cha jeneriki. Ili jeneriki ikubaliwe, watu wazima wenye afya huimeza, siku nyingine wakameza ile ya asili, na damu yao ikapimwa saa baada ya saa. Uwiano wa dawa hizo mbili katika damu, pamoja na kadirio la shaka la asilimia 90 linaloambatana nao, sharti uangukie kati ya asilimia 80.00 na 125.00.

Zipo dawa geugeu, zinazokataa kubanwa hivyo. Mtu yuleyule akizimeza leo na wiki ijayo, vipimo vyake hupishana kwa zaidi ya asilimia 30. Lumefantrine ni mojawapo ya zinazosumbua. Hata chakula huibadilisha, kwani mlo wenye mafuta huweza kuongeza kiasi kinachoingia mwilini mara 16. (Muuguzi anayemwambia mgonjwa ale kwanza sombe yenye mawese ndipo ameze kidonge anajua kazi yake.) Kwa dawa za namna hiyo, Shirika la Dawa la Ulaya liliweka kanuni mwaka 2010: mshiriki ameze dawa ya asili angalau mara mbili ili ugeugeu wake upimwe, na mipaka ya kilele cha dawa katika damu iweze kupanuliwa, mwisho 69.84 hadi 143.19.

Hapo kompyuta huanza kubishana. Mshiriki mmoja akikosa awamu moja, data hubaki na pengo, na programu za takwimu kama SAS, R na Phoenix zaweza kutoa majibu yasiyofanana. Ndiyo maana shirika hilo lilitoa data za mfano pamoja na majibu yake. Katika seti ya kwanza, njia moja ya kukokotoa inatoa kadirio la 107.11 hadi 124.89, nyingine 107.17 hadi 124.97. Data ni zilezile, na njia ya pili imebakiza 0.03 tu kugusa mpaka wa kawaida. Mwaka 2020 Helmut Schütz na wenzake walichapisha katika jarida la AAPS seti nyingi zaidi, ili mwenye programu aijaribu kabla ya kuiamini. Mradi huo naupenda: lengo lake ni dogo, na ukishindwa, unajulikana.

Miradi mikubwa haijulikani upesi hivyo. Mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha Machi 2012. Kongo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Kwa maandishi, faili ya dawa iliyokaguliwa kwa pamoja inaweza kuipunguzia kazi ACOREP, mamlaka ya dawa iliyoko Kinshasa. Lakini bidhaa nyingi za Ituri hupita Mahagi na Aru zikitoka Uganda, na katoni haivuki mpaka na faili yake. Kadiri dawa inavyomkaribia mgonjwa, ndivyo wapimaji wanavyopungua.

Adi, katika eneo la Aru, ilionyesha hilo bila huruma. Kuanzia Desemba 2014 watu walifikishwa vituoni wakiwa wamekakamaa shingo, nyuso na ndimi; walio wengi walikuwa watoto. Homa ya uti wa mgongo ilishukiwa, na kwa dalili zile nani asingeshuku? Madaktari Wasio na Mipaka waliendelea kuchunguza. Maabara ilipopima vidonge vilivyouzwa kama diazepam, ndani mlikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Julai 2015, na mwishowe waliougua walipita elfu moja.

Hakuna programu ya takwimu ambayo ingewaokoa, kwa sababu kopo lilisema jambo moja na kidonge jingine. Sisemi hesabu iachwe: kosa la mahesabu likipita katika usajili, husambaa kila nchi inayoutegemea. Ila ipo Minilab, sanduku la maabara lililobuniwa Ujerumani, linaloweza kuonyesha kwa saa chache kama kidonge kina dawa iliyoandikwa juu yake. Mradi wa dawa ukiletwa Bunia, ningeanza kusoma bajeti yake kutoka chini: nani atapima kidonge kikishafika Aru, na kemikali za kupimia za mwaka wa pili zitanunuliwa na nani.