Manga na Katuni za Kikorea Majumbani Mwetu: Maoni ya Wasomaji na Mizani ya Dini



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Wapenzi wasomaji, mama zetu, dada zetu na wana wetu. Kwa muda sasa yamekuwa yakitufikia maswali juu ya katuni za Japani na Korea ambazo vijana wetu wanazisoma katika simu. Tuliwaomba wasomaji wa Malindi, Mambrui, Watamu, Kilifi na Takaungu watueleze waonavyo, nao wakatujibu kwa wingi, wazazi kwa vijana. Wako waliozilaani zote, na wako waliozisifu zote. Tumeona ni vyema tuyaweke maoni hayo pamoja, kisha tuseme lile tunaloliona kuwa la haki. Na ili tusihukumu tusichokijua, tulikaa na baadhi ya vijana tukasoma nao sura za mwanzo za hadithi wanazozitaja zaidi.

Ni vitu gani hivi?

Kwa sikio la mtu wa pwani, neno manga si geni. Wazee wetu waliiita Arabuni Manga, na mtu wa huko Mmanga, na hata leo twanunua pilipili manga sokoni. Mama mmoja wa Shela, Malindi, alitueleza kwamba mjukuu wake aliposema anasoma manga, yeye alifurahi akidhani ni vitabu vya Kiarabu. Manga hii ni neno la Kijapani kwa hadithi za picha. Wakorea husema manhwa, na Wachina manhua; yote matatu asili yake ni moja katika maandishi ya Kichina. Kitabu cha Kijapani hufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto kama juzuu, kwa hiyo mtoto wa chuoni hakimpi taabu. Katuni za Kikorea za siku hizi zimetengenezwa kwa ajili ya simu: picha hushuka moja chini ya nyingine, na msomaji huzifuata kwa kidole. Kampuni ya Naver ya Korea ilianza kutoa katuni zake kwa Kiingereza mwaka 2014, na kwa njia hiyo zikawafikia wana wetu.

Hadithi za picha zenyewe si jambo jipya kwetu. Waliokua wakisoma Taifa Leo wanamkumbuka Juha Kalulu wa mchoraji Edward Gitau. Katika miaka ya 1990, Gado alimchora Abunuwasi kwa kampuni ya Sasa Sema, na kampuni hiyo hiyo ikatoa kisa cha shujaa wetu Liyongo. Mwaka 2010 likaja gazeti la Shujaaz lililoandikwa kwa Sheng. Wala Waarabu hawakubaki nyuma. Watoto wao wamekua wakimtazama Kapteni Majid, ambaye asili yake ni Captain Tsubasa wa Mjapani Yoichi Takahashi, na mwaka 2021 kampuni ya Saudia ilianzisha Manga Arabia. Tofauti ya zamani na sasa ni kwamba lile gazeti lilikuwa limelala juu ya mkeka, na kila aliyepita alilifunua. Hadithi ya leo imo ndani ya simu, na simu imo chini ya mto.

Waliyoyasema wazazi

Malalamiko ya wazazi ni matatu. La kwanza ni haya. Mama mmoja wa Barani alisema alichungulia simu ya bintiye akaona picha za wasichana waliovaa nguo zisizositiri, na mahaba yasiyo na ndoa. Malalamiko hayo ni ya kweli, wala hatutayapunguza. Zipo katuni nyingi zilizotungwa kwa ajili ya watu wazima, na nyingine ni uchafu mtupu ambao haumfai mkubwa wala mdogo. Wajapani wenyewe huzigawa hadithi zao kwa wasomaji: shonen ni za wavulana, shojo za wasichana, seinen za wanaume watu wazima, na josei za wanawake watu wazima. Mzazi akiyajua maneno haya manne, amekwisha kupata ufunguo wa mlango wa kwanza. Lakini asilale akidhani kwamba kila iitwayo shonen ni safi.

La pili ni itikadi. Baba mmoja wa Takaungu alihofia majini, uchawi, miungu na wafu wanaofufuka. Hofu yake ina msingi, nasi tutairejea hapa chini.

La tatu ni wakati. Kila sura hukatika pale moyo unapotaka kujua zaidi, na msomaji hujiambia moja tu ya mwisho. Mama wa Mambrui alieleza kwamba mwanawe alikuwa akisoma chini ya leso hadi saa nane za usiku, kisha alfajiri haamki kwa swala. Hapo hapana ikhtilafu. Kilichomtoa Muislamu katika swala yake kimeshahukumiwa, hata kingekuwa kitabu cha hesabu.

Waliyoyasema vijana

Vijana nao wana hoja zao, na yatupasa tuzisikilize.

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliitetea Naruto, hadithi ya Masashi Kishimoto iliyotoka tangu mwaka 1999 hadi 2014 katika vitabu 72. Naruto ni yatima ambaye kijiji kizima kinamwepuka kwa sababu ndani yake amefungiwa mnyama aliyewadhuru watu. Mtu wa kwanza kumthamini ni mwalimu wake. Binti huyu alisema kwamba alipokuwa akiisoma aliwakumbuka mayatima wa darasa lake, na jinsi wenzao wanavyowacheka. Twauliza: je, moyo uliolainika kwa yatima umepotea bure?

Kijana wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, alituletea Solo Leveling ya Kikorea, iliyotungwa na Chugong. Shujaa wake, Sung Jin-woo, ni mwindaji aliye dhaifu kuliko wenziwe wote, anayehatarisha maisha yake ili apate gharama za kumtibu mamake aliyelala hospitalini. Kijana alisema alilopenda ni ule wema kwa mzazi. Tukamwambia ni kweli, lakini mbele ya hadithi shujaa huyo huyo anawainua wafu wawe jeshi lake, na kuhuisha wafu ni kwa idhini ya Mwenyezi Mungu pekee. Akatujibu kwamba hilo analijua tangu chuoni, na kwamba haamini hadithi kama vile nasi hatuamini jini wa Alfu Lela Ulela. Jibu lake tulilipokea. Ila mdogo wake wa miaka 9 hajaijua tofauti hiyo, na huyo anahitaji mtu wa kumweleza.

Iliyozua mjadala mkubwa ni Death Note ya Tsugumi Ohba na Takeshi Obata. Mwanafunzi hodari, Light Yagami, anaokota daftari: kila ambaye jina lake limeandikwa humo hufa. Anaanza na wahalifu, akijiona anaisafisha dunia, kisha anamuua kila anayemzuia. Baba mmoja alitaka ipigwe marufuku, kwa kuwa ndani yake mna kiumbe agawaye mauti, hali sisi twajua kwamba ajali iko mikononi mwa Muumba. Mwanawe mkubwa akasema kwamba hadithi yaonyesha jinsi mtu anayejifanya hakimu wa roho za watu anavyogeuka dhalimu. Sisi twakaa katika kaunti ya Kilifi, ambako wazee wenye mvi wameuawa kwa kushukiwa uchawi tu, bila ushahidi na bila kadhi, na wauaji wakidhani wanausafisha ukoo. Kijana wa huku akifahamu ubaya wa jambo hilo kwa mfano wa hadithi, basi hadithi hiyo haifai kutajwa kwa ubaya wake peke yake. Hata hivyo twasema si ya watoto wadogo.

Kisha kuna True Beauty ya mwandishi Yaongyi wa Korea, iliyoanza mwaka 2018. Msichana anadhihakiwa shuleni kwa sura yake, anajifunza kujipamba, anahamia shule nyingine akasifiwa na kila mtu, na tangu hapo anaishi kwa hofu kwamba siku moja ataonekana uso wake mtupu. Mama zake watu waliiona ni upuuzi wa poda na wanja. Lakini binti aliyetuandikia alisema kwamba hofu ile anaijua, kwa sababu naye ameambiwa kwamba weusi wake utamchelewesha kuolewa, na wenzake wameanza kupaka mkorogo. Hilo hakupata kumwambia mtu nyumbani. Mamake alipozikuta katuni katika simu alizifuta zote bila kuuliza neno. Binti anasema kwamba hakuacha kusoma, aliacha kuzungumza.

Ndugu zetu, barua hiyo tuliisoma zaidi ya mara moja. Mama yule alikusudia kheri, na ana haki ya kuilinda nyumba yake. Lakini katika hadithi ile bintiye alikuwa ameacha mlango wazi, naye hakupita.

Hukumu ya picha

Wako waliouliza: je, picha zenyewe si haramu? Wanavyuoni wamehitilafiana. Imamu Nawawi, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafi twamfuata kwa mengi, alikaza sana katika kuchora viumbe wenye roho. Wengine waliotangulia, na baadhi ya Wamaliki, walitofautisha sanamu yenye kivuli na mchoro ulio juu ya kitu bapa. Yahya al-Wasiti aliichora Maqamat ya al-Hariri huko Iraki mwaka 634 Hijria, sawa na 1237, na nakala yake iko Paris hadi leo. Si kusudi letu hapa kutoa fatwa. Twataka tu msomaji ajue kwamba suala hili lina upana, asije akamkufurisha mwanawe kwa katuni.

Na lipo jambo katika sira ambalo latutosha. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliporudi safarini, upepo ulilifunua pazia, akaviona vijisanamu vya kuchezea vya Bi Aisha (R.A.), na katikati yake farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume alimuuliza ni nini vile, akauliza na habari ya farasi mwenye mbawa. Bi Aisha akamjibu kwa kumtajia farasi wa Nabii Suleiman (A.S.), na Mtume akacheka hata yakaonekana magego yake. Tazameni utaratibu huo. Aliona, akauliza, akasikiliza jibu. Hakuanza kwa kukitupa kitu.

Mizani tunayoipendekeza

Kwanza, ulizeni kabla ya kufuta. Mama na akae na bintiye, asome naye sura ya kwanza, amuulize: unampenda nani humu, na kwa nini? Lipi humu haliafikiani na dini yetu? Maswali mawili haya yatamfunulia mengi kuliko kupekua simu usiku.

Pili, pimeni hadithi moja moja. Yenye uchi, zinaa au kumtukuza asiyekuwa Mwenyezi Mungu kwa ibada, iondoeni na mtoe sababu. Yenye majini na mazimwi ya kubuni, ielezeni. Yenye mafunzo, itumieni. Mwalimu mmoja wa Kilifi amesoma na mabinti zake Satoko na Nada ya Yupechika, ya mwaka 2017, juu ya msichana wa Kijapani na Msaudia mvaa nikabu wanaoishi nyumba moja Marekani. Asema mabinti walifurahi kumwona Muislamu amechorwa kama mtu wa kawaida, anayecheka na kupika na kuswali.

Tatu, simu isilale na mtoto. Ikiisha Isha na darsa za shule, iwekwe chumbani kwa wazazi.

Nne, someni kwa halali. Kurasa za wizi hujaa matangazo ya kamari na uchi, na mtunzi hapati haki yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kwamba haki za mtunzi zinalindwa na sheria ya dini. Hakuna haja ya kuiba. Wachapishaji wa Naruto wana programu ya MANGA Plus tangu 2019, ambayo hutoa sura za mwanzo na za karibuni za hadithi nyingi bila malipo.

Tano, tuwape vijana wetu hadithi za kwetu. Liyongo, Abunuwasi na visa vya mabaharia wa Malindi vyangoja watunzi wapya. Kijana anayeweza kukaa hadi saa nane za usiku kwa hadithi ya Seoul ana njaa ya hadithi, na njaa hiyo twaweza kuilisha.

Wasomaji wenye maoni zaidi na watuletee. Hasa twawaomba akina mama ambao wamekaa na wana wao wakasoma pamoja, watueleze waliyoyasikia.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, ayafanye macho yao yaone yenye manufaa na ndimi zao zisiogope kutuambia yaliyo moyoni. Amin.

Wabillahi tawfiq.