Miguu Tuliyopewa
Wazee wetu wa Meru na Embu walipanda na kushuka miteremko ya Mlima Kenya kwa miguu. Leo hata kwenda kanisani, mwendo wa dakika 20, twangoja pikipiki. Kisha twashangaa presha na ugonjwa wa sukari vikiingia nyumbani mwetu. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa haraka, au kazi kama hiyo, kila juma. Kwenda kanisani na kurudi ni 40 tayari. Katika Luka 24, Yesu aliandamana na wawili wenye huzuni njiani kwenda Emau. Sisi tukipita kwa gari, jirani aliyelemewa tutaandamana naye lini? Mgonjwa na apande. Tulio wazima, Jumapili hii tutoke mapema, tutembee. Mwili ni amana ya Mungu.