Sindano ya nywele: Kagua kabla ya kutoa mtaji

PALMA, Msumbiji. Katika mizigo inayovuka Mto Ruvuma kati ya Mtwara na Palma, rasta, mawigi na dawa za kulainisha nywele hazikosekani. Siku hizi mwanamke anayekatika nywele husikia pia habari ya sindano ya PRP, inayotolewa na kliniki za Dar es Salaam na Nairobi.

Mteja hutolewa damu mkononi, ikazungushwa kwa kasi kwenye mashine. Majimaji ya manjano yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda na kidonda kupona, huchomwa kwenye ngozi ya kichwa. Kwa kawaida huanza na awamu tatu, mwezi hadi mwezi, kisha marudio. Kila awamu ni malipo, na kwa mfanyabiashara wa Palma ni safari nyingine.

Sindano hii husaidia zaidi nywele zinazopungua polepole utosini kwa sababu ya kurithi, na hata hapo si kila mtu hufanikiwa. Lakini nywele hukatika kwa njia nyingi.

Kuna zinazovutwa na misuko ya kubana. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta tatizo hili kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa. Msuko ukilegezwa mapema, nywele huweza kurudi. Ngozi ikishafanya kovu, mashina hufa, na sindano haiwezi kuyafufua.

Kuna pia nywele zinazonyonyoka miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, uzazi, njaa au mshtuko. Maelfu walikimbia Palma baada ya shambulio la Machi 24, 2021, wengine wakilala porini bila chakula. Mwili uliopita katika hali hiyo huweza kumwaga nywele nyingi kwa mara moja. Mara nyingi huota tena zenyewe ndani ya miezi kadhaa, mwili ukitulia na kula vizuri.

Hatari kubwa zaidi ni damu yenyewe. Mwaka 2024, mamlaka za afya za Marekani ziliripoti wateja walioambukizwa Virusi vya Ukimwi katika saluni ya New Mexico isiyo na leseni, iliyokuwa ikitoa huduma ya kuchoma uso kwa damu ya mteja mwenyewe. Vifaa vya kutumiwa mara moja vilirudiwa, na mirija ya damu haikuwa na majina.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua chanzo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kimefundisha wataalamu wa ukanda huu tangu mwaka 1992. Mtaalamu wa ngozi akishathibitisha kuwa sindano inafaa, mteja ana haki ya kuona leseni, sindano ikifunguliwa mbele yake, na jina lake kwenye mrija wa damu yake.

Robota la mitumba kwa kawaida hununuliwa likiwa limefungwa, bila kukaguliwa ndani. Kichwa kinastahili ukaguzi kabla pesa haijatoka mkononi.