Kompyuta inaganda ukichora? Usikimbilie kununua nyingine

Mimi nauza milango ya mninga mtandaoni, niko Tabora. Mteja namchorea kwanza kwenye SketchUp, akiipenda picha ndo anatuma advansi.

Juzi mmoja akataka mlango wa nakshi kama ule wa Tembe la Livingstone, Kwihara. Nikapakua maua mtandaoni, nikayabandika. Laptopu ikaganda kutwa nzima, mteja nusura anikimbie. Nikataka kukopa ninunue nyingine. Kumbe mzigo ni mchoro wenyewe! Kila ua lina maelfu ya vipande, na ukigeuza mlango kompyuta inavichora vyote upya.

Fanya hivi:

1. Save kwanza.
2. Ingia Window, Model Info, Statistics, bonyeza Purge Unused. Vitu ulivyofuta mara nyingi bado vimo ndani ya faili.
3. Chora ua moja jepesi, lifanye Component, ndo ulirudie. Faili halitanenepa.
4. Zima Shadows, ficha nakshi unapochora fremu.
5. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc uone nani anakula RAM. Kwangu ilikuwa Chrome.

Jioni ile ile picha ilienda, advansi ikaingia. Laptopu ni ile ile.